Boma la Juu ya Kilima: Habari za Rova ya Antananarivo

Mwezi wa Septemba mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa King's African Rifles, ambao watu wa Afrika ya Mashariki waliwaita Keya, walishuka katika bandari ya Majunga, pwani ya magharibi ya kisiwa cha Madagaska. Walikuwa vijana wa Kenya, wa Tanganyika na wa Nyasaland. Waingereza waliwapeleka huko kwa kuogopa Wajapani wasije wakakitia mkononi kisiwa hicho na kuziziba njia za meli katika Bahari ya Hindi. Toka Majunga walishika barabara ndefu ya kupanda bara, wakikuta hapa daraja lililovunjwa, na pale miti iliyokatwa na kulazwa njiani, hata tarehe 23 Septemba wakaingia katika mji mkuu, Antananarivo.

Mtu aujiaye mji huo, atoke upande wo wote, huona kwanza kilima kirefu kilichosimama juu ya uwanda wa mashamba ya mpunga, na katika kilele chake jumba kubwa la mawe lenye minara minne, mmoja katika kila pembe. Kilele hicho kiko karibu meta 1,480 juu ya usawa wa bahari. Watu wa nchi hupaita mahali hapo Rova. Maana ya neno hilo ni boma. Na asili yake si boma la mawe, bali ua wa miti iliyochongwa ncha, kama zile nyua zilizozunguka miji ya watu wengi wa Afrika siku za hatari.

Basi askari wale wa Keya, walipoinua macho yao, waliona makao ya wafalme ambao enzi yao ilikuwa imekwisha miaka 45 kabla ya siku hiyo. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mtu aliyesimama bondeni hakuweza kuliona. Lile jumba la mawe lilikuwa kama vazi tu. Ndani yake mlikuwa na jumba jingine, la mti, lenye umri mkubwa kuliko lile la nje. Habari za mti ule na jiwe lile ndizo habari za ufalme wenyewe.

MJI WA WATU ELFU

Wazee wa pwani, tangu zamani za majahazi, walikiita kisiwa cha Madagaska Bukini, na watu wake Wabuki. Lugha ya Wamalagasi asili yake ni visiwa vya mbali vya mashariki, upande wa Borneo, ambako mababu wa watu hao walitoka kwa vyombo vya bahari zaidi ya miaka elfu iliyopita. Lakini walipofika huko walichanganyika na watu waliotoka bara la Afrika, na ushahidi wa jambo hilo ungali vinywani mwao. Ng'ombe kwao ni omby, mbwa ni amboa, na kuku ni akoho. Mkulima wa Afrika ya Mashariki ayasikiapo maneno hayo atajua ya kuwa ametembelea ndugu wa mbali.

Katikati ya kisiwa, katika nchi ya juu yenye baridi, wanakaa Wamerina, na nchi yao huitwa Imerina. Kilima cha Rova zamani kiliitwa Analamanga. Yasimuliwa ya kuwa wenyeji wake wa kwanza walikuwa Wavazimba, na ya kuwa mfalme Andrianjaka aliwaondoa hapo mnamo mwaka 1610, akaweka askari elfu moja kukilinda kilima. Kwa ajili ya askari hao mji ukaitwa Antananarivo, yaani mji wa watu elfu.

Mfalme huyo alitazama chini akaona kinamasi kisichofaa kitu, akatazama juu akaona kilele kisichofikika kwa urahisi. Akavitumia vyote viwili. Juu alijenga boma na nyumba chache za mti. Chini watu wake wakaanza kujenga matuta ya kuzuia maji na kuchimba mifereji, na kile kinamasi kikawa majaruba ya mpunga. Wafalme waliomfuata wakaiendeleza kazi hiyo, kila mmoja katika zamani zake, hata uwanda wote uitwao Betsimitatatra ukawa ghala ya mji. Ngome nyingi za dunia zilianguka kwa njaa, kwa kuwa waliozijenga walifikiri habari za kuta tu, wala hawakufikiri habari za chakula. Ngome ya Antananarivo ilikuwa na shamba lake miguuni pake.

Adui aliyeudhuru ufalme huo mwanzo hakutoka nje. Mwanzo wa karne ya 18 mfalme Andriamasinavalona, akitaka kuwaridhisha wanawe, aliigawanya nchi mafungu manne. Wana hao na wajukuu wao wakapigana kwa muda mrefu, na matuta ya mpunga yakaachwa bila matengenezo. Ndipo akatokea mfalme wa kilima cha Ambohimanga, mwendo wa kama kilometa 20 toka Antananarivo, jina lake Andrianampoinimerina. Alishika enzi huko mwaka 1787, na katika miaka ya 1790 akauteka mji wa watu elfu, akaiunganisha Imerina yote tena. Yeye ndiye aliyetaka mpaka wa nchi yake usiwe mto wala mlima, ila bahari.

MTI KWA WALIO HAI

Katika zamani hizo palikuwa na desturi moja yenye nguvu ya sheria, nayo yafaa ielezwe vizuri, maana ndiyo ufunguo wa habari hizi zote. Ndani ya mji wa kifalme mtu aliye hai hakuruhusiwa kukaa katika nyumba ya mawe. Nyumba ya mwungwana ilikuwa ya mbao, yenye paa refu la mwinamo mkali, na boriti za kipeo zilizopishana juu kama pembe za ng'ombe. Mlango wake ulielekea magharibi, na pembe ya kaskazini-mashariki iliwekwa kwa heshima ya mababu.

Jiwe lilikuwa la wafu. Wamerina walisema mti ni kitu chenye uhai. Huota, hukua, hunyauka na kufa, kwa hiyo wafaa kwa mwanadamu ambaye naye yu njiani. Jiwe halizaliwi wala halifi, basi ni halali ya mababu ambao safari yao imekwisha. Mtu wa Imerina aliweza kukaa maisha yake yote katika nyumba ndogo ya mti au ya udongo, akijiwekea akiba apate kaburi jema la mawe. Mgeni aliyepita nchini aliona makaburi imara kuliko nyumba, akashangaa. Mwenyeji hakushangaa hata kidogo, maana alijua atakaa nyumbani miaka michache, na kaburini milele.

Kwa hiyo Rova yenyewe, pamoja na ukuu wake wote, ilikuwa boma la miti lenye nyumba za miti. Ndani yake mlikuwa na makaburi ya wafalme, na juu ya makaburi hayo vijumba vidogo vya mbao, vilivyo mfano wa nyumba za wafalme walipokuwa hai. Walio hai na wafu walikaa katika ua mmoja, na mfalme aliyetoa hukumu alijua ya kuwa mababu zake wanasikia.

SHULE NDANI YA BOMA

Andrianampoinimerina alikufa mwaka 1810, na mwanawe Radama akatawala. Kijana huyu alitaka kujua mambo ya dunia. Tangu zamani za baba yake walikuwapo huko waandishi wa kabila la Antaimoro, waliotoka upande wa mashariki ya kisiwa, ambao waliandika Kimalagasi kwa herufi za Kiarabu kama vile watu wa Lamu na Mombasa walivyoandika Kiswahili. Radama alijifunza herufi hizo kwanza. Mwaka 1817 alifanya mkataba na Waingereza wa Mauritius, akakubali kupiga marufuku biashara ya kuwauza watumwa nje ya nchi, naye akapewa bunduki, baruti na walimu wa kuwafundisha askari wake.

Mwaka 1820 mmishonari David Jones, mtu wa Wales, alifika Antananarivo. Radama hakumweka mbali. Alimpa nafasi ndani ya boma la kifalme, na watoto wa jamaa ya mfalme wakawa wanafunzi wa kwanza. Mwaka 1823 mfalme aliamuru ya kuwa Kimalagasi kiandikwe kwa herufi za Kirumi. Shule zikashuka kilimani zikaenea vijijini. Yaonekana kama jambo dogo likilinganishwa na vita na majumba. Lakini mwisho wa habari hizi msomaji ataona uzito wake.

Mwaka 1819 Radama alikuwa amemwagiza fundi Mfaransa, Louis Gros, amjengee nyumba mpya yenye baraza na mapambo ya fedha, iliyoitwa Tranovola, yaani nyumba ya fedha. Ilikuwa nzuri kuliko zote zilizoitangulia, lakini ilikuwa ya mti. Radama alipokufa mwaka 1828 alilazwa katika jeneza la fedha lililotengenezwa kwa sarafu zilizoyeyushwa, na kaburi lake likawa la mawe. Sheria haikuvunjwa.

NGUZO MOJA

Aliyemfuata ni mke wake, Ranavalona wa Kwanza, aliyetawala miaka 33. Malkia huyu aliwatazama wageni akaona ya kuwa mkono mmoja wanaleta kitabu na mkono wa pili wanataka nchi. Kwa kuilinda nchi alishika njia ya ukali mno. Mwaka 1835 aliupiga marufuku Ukristo kwa raia zake, na wamishonari wakaondoka. Mwaka 1837 mwanamke mmoja, Rasalama, aliuawa kwa mkuki huko Ambohipotsy, upande wa kusini wa kilima hicho hicho, kwa kukataa kuiacha imani yake. Mwaka 1849 Wakristo wengine walitupwa toka jabali la Ampamarinana, magharibi ya Rova, mahali ambapo ardhi hukatika ghafula. Wengi wengine walikufa kwa kunyweshwa sumu ya tangena, iliyotumiwa kama kiapo cha kumjua mwenye hatia.

Katika wageni wachache aliowaamini alikuwamo Jean Laborde, Mfaransa, mtoto wa mhunzi, aliyetupwa pwani na chombo kilichovunjika mwaka 1831. Laborde alijua kazi nyingi za mikono. Huko Mantasoa alianzisha viwanda vya kutengeneza bunduki, mizinga, vioo na sabuni. Mwaka 1839 malkia alimwamuru amjengee jumba ambalo mfano wake haujaonekana nchini. Ndilo Manjakamiadana, maana yake, mahali ambapo kutawala ni raha.

Jumba hilo lilikuwa la mti mtupu toka chini hata juu, lenye orofa, baraza pande zote, na paa refu la kutisha. Katikati yake ilisimamishwa nguzo moja kubwa ya kulibeba paa. Yasimuliwa ya kuwa ilikuwa gogo moja la mti mgumu mwekundu, lenye urefu wa meta 39, lililovutwa toka misitu ya mashariki na watu elfu kumi, na ya kuwa watu wengi sana walikufa njiani kwa kazi hiyo. Wenye elimu wa siku za baadaye wameyatilia shaka mahesabu hayo. Lakini jambo moja halina shaka: kazi yenyewe ilikuwa ya shokoa, nao waliovuta hawakupewa ujira. Raha ya kutawala iliyotajwa katika jina la jumba ilikuwa ya mtu mmoja. Uzito wa nguzo ulikuwa wa wengi.

Hata hivyo, katika ukuu wake wote, malkia hakuthubutu kukaa katika nyumba ya jiwe. Alipokufa mwaka 1861 alifia katika nchi ya nyumba za mti.

JUMBA LAVIKWA JIWE

Mwanawe, Radama wa Pili, alifungua milango yote kwa wageni upesi kuliko wakuu wake walivyoweza kuvumilia, naye akauawa mwaka 1863. Tangu hapo nguvu zilikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu. Toka mwaka 1864 hata 1895 kazi hiyo ilishikwa na mtu mmoja, Rainilaiarivony, ambaye aliwaoa malkia watatu, mmoja baada ya mwingine: Rasoherina, Ranavalona wa Pili na Ranavalona wa Tatu.

Katika miaka hiyo desturi ya mti na jiwe ilianza kulegea. Mwaka 1867 lilifunguliwa kanisa la mawe la Ambatonakanga, ukumbusho wa wale waliouawa kwa imani yao. Aliyelichora alikuwa James Cameron, fundi Mskoti, aliyekuja nchini mara ya kwanza mwaka 1826, akafundisha watu kufyatua matofali, akaondoka siku za mateso, kisha akarudi. Ranavalona wa Pili alipotawazwa mwaka 1868 aliyaondoa makatazo ya kujenga kwa mawe na matofali mjini. Mwezi wa Februari mwaka 1869 alibatizwa pamoja na Waziri Mkuu, na mwaka huo huo sanamu za uganga za ufalme zikachomwa moto.

Ndipo Cameron akapewa kazi ya ajabu. Hakuambiwa alibomoe jumba la Laborde ajenge jingine. Aliambiwa alivike jiwe. Akajenga nje yake kuta nene zenye matao, na minara minne katika pembe, jumba la mti likabaki ndani mzima mzima pamoja na nguzo yake. Karibu na hapo likajengwa kanisa la mawe la malkia, lililoanza mwaka 1869 na kuwekwa wakfu mwaka 1880. Mtu anayetazama toka mashamba ya mpunga sasa aliona Rova ya jiwe.

Wazee walionung'unika walikuwa na neno lao. Walisema nyumba ya jiwe ni nyumba ya wafu, na mtawala aingiaye humo akiwa hai ameingia kaburini kabla ya siku yake. Waziri Mkuu na vijana waliosoma waliona vingine. Kwao jiwe lilikuwa dalili ya serikali yenye kudumu, inayostahili kuheshimiwa na mataifa. Nao hawakujenga kuta tu. Walitunga sheria, wakaongeza shule, na mwaka 1877 wakatangaza uhuru kwa watumwa waliotoka bara la Afrika, walioitwa Masombika kwa jina la Msumbiji. Vijana hao walitumaini ya kuwa taifa lenye vitabu, sheria na majumba ya mawe halitanyang'anywa nchi yake.

BENDERA NYEUPE

Tumaini hilo halikutimia. Baada ya vita vya mwaka 1883 hata 1885, Wafaransa walirudi mwaka 1895 na jeshi la watu karibu 15,000 chini ya Jenerali Duchesne. Walishuka Majunga, pale pale ambapo Keya watashuka miaka 47 baadaye, wakaanza kuchimba barabara ya magari ya kupanda bara. Homa iliwaua zaidi kuliko bunduki. Karibu watu elfu sita walikufa, na waliouawa vitani hawakuzidi makumi machache. Mwisho jenerali aliwaacha wagonjwa nyuma akaenda mbio na kikosi chepesi.

Tarehe 30 Septemba, 1895, mizinga yake ilipangwa juu ya vilima vya jirani, ikaelekezwa Rova. Zile kuta za Cameron zilikuwa nene, lakini hazikujengwa kwa kupigana na mizinga ya zamani hizo. Makombora machache yalianguka ndani ya boma lililojaa watu, na bendera nyeupe ikapandishwa. Ngome iliyosimama karibu miaka mia tatu ilikwisha kwa alasiri moja. Mwaka 1896 Ufaransa ikakitangaza kisiwa kuwa koloni lake. Mwezi wa Februari mwaka 1897 Jenerali Gallieni alimwondoa Malkia Ranavalona wa Tatu usiku, akapelekwa Réunion, na baadaye Algiers, ambako alikufa mwaka 1917. Mifupa yake ilirudishwa Rova mwaka 1938.

Mwaka ule ule wa 1897 Gallieni alifanya jambo la werevu. Aliamuru mifupa ya wafalme iliyozikwa Ambohimanga ichukuliwe iletwe Rova, na majumba yakafanywa makumbusho. Alijua ya kuwa mahali penye mababu pana nguvu, akataka nguvu hizo zitazamwe kama vitu vya kale, vyenye tarehe na maelezo. Lakini watu waliopanda kilima kutazama makumbusho waliendelea kuvua kofia zao. Madagaska ilipopata uhuru wake tarehe 26 Juni, 1960, jumba lilikuwa lingali juu, na nguzo ingali ndani.

USIKU WA MOTO

Tarehe 6 Novemba, 1995, usiku, moto ulitokea katika Rova. Mji mzima uliuona, maana hakuna mahali mjini ambapo kilele hicho hakionekani. Watu walipanda mbio, wengine wakaingia ndani ya moshi wakatoa walichoweza kubeba: picha, viti, nguo za kifalme, karatasi. Mifupa ya Ranavalona wa Tatu iliokolewa. Lakini vile vijumba vya mbao juu ya makaburi vikateketea, na Tranovola ikateketea, na kanisa likaungua ndani likabaki kuta. Mbao za Manjakamiadana, zilizokauka kwa miaka mingi ndani ya vazi la jiwe, ziliwaka kama tanuru. Nguzo ikaanguka. Watu wengi waliamini ya kuwa moto huo ulitiwa kwa makusudi, na maneno juu ya jambo hilo hayajakoma.

Asubuhi kuta za Cameron zilikuwa zimesimama na minara yake minne. Kwa mtu aliye bondeni ilikuwa kama hakuna kilichotokea. Aliyekaribia aliona mbingu kupitia madirisha. Na hapo neno la wazee wa zamani likarudi na nguvu ya kuogofya: mti, ambao ni wa walio hai, ulikuwa umekufa, na jiwe limebaki peke yake, tupu, kama kaburi ambalo halijapata mwenyewe.

Hali hiyo ilidumu miaka 25. Kuta ziliimarishwa, na nyumba ndogo ya Besakana ikajengwa upya kwa mti kama ilivyokuwa. Katika mwaka 2020 Manjakamiadana yenyewe ilitengenezwa ndani na kuezekwa, ikafunguliwa mwezi wa Novemba mwaka huo. Siku hizo hizo pambo la mfano wa taji, lililokuwa juu ya chandalua cha enzi cha Ranavalona wa Tatu, lilirudi toka makumbusho ya majeshi huko Paris. Watu walifurahi, ila si kwa mambo yote. Ndani ya ua wa kale kulijengwa pia uwanja wa maonyesho wa saruji, wa mviringo, mfano wa ile ya Warumi, na wengi wenye elimu ya historia walilalamika wakisema haukuwa na asili katika kilima hicho. Kumbe ile hoja ya karne ya 19, ya kitu gani kinafaa kujengwa juu na kwa namna gani, ingali hai. Na pengine hiyo ndiyo dalili njema kuliko zote, maana watu hawagombanii mahali palipokufa.

KILICHOBAKI

Yafaa kuuliza, baada ya mizinga na moto, habari hizi zimejulikanaje. Nani aliyehifadhi jina la Andrianjaka, na habari za watu elfu, na za matuta ya mpunga, na za mfalme aliyewagawia wanawe nchi akaiharibu? Mti haukuzihifadhi, kwa kuwa umeungua. Jiwe halikuzihifadhi, kwa kuwa halisemi.

Zilihifadhiwa na wazee waliokubali kusimulia, na watu waliojua kuandika. Katika miaka ya 1860 na 1870 padre mmoja Mfaransa, François Callet, aliwakalisha wazee wa Imerina, naye akakusanya maneno yao kwa lugha yao wenyewe, juu ya wafalme, juu ya desturi, juu ya mpunga na makaburi. Maneno hayo yalipigwa chapa kwa jina la Tantara ny Andriana, yaani habari za wafalme. Na Wamerina wengi, ambao babu zao walijifunza herufi katika shule zilizoshuka toka boma la Radama, walikuwa wamekwisha kuandika vitabu vyao na barua zao. Shule ile ilianzia katika nyumba ya mti yenye kuungua. Lakini kilichofundishwa humo kilikuwa kimekwisha kutoka mlangoni, kikaenda zake vijijini, mahali ambapo moto wa mwaka 1995 haukufika.

Askari wa Keya walioitazama Rova mwaka 1942 waliliona jumba la jiwe lenye mti ndani yake. Apandaye kilima hicho leo ataona jiwe lile lile, na ndani kazi mpya ya mafundi wa siku hizi. Nguzo ile haipo. Chini bado ataona majaruba ya mpunga, ingawa mji umekua na kuyameza mengi. Na kama atakutana na mzee wa mahali hapo mwenye nafasi ya kuzungumza, itamfaa aketi amsikilize, na kuwa na kalamu mfukoni.